Fahamu: Kwa nini Butembo na Beni huogopa radi kuliko tornado
Tornado, yaani nguzo ya upepo izungukayo kwa kasi kutoka wingu la radi hadi ardhini, ni nadra Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo, kwa kuwa karibu na ikweta pepo za chini na za juu kwa kawaida hazitofautiani vya kutosha kulipa wingu mzunguko. Kinachong'oa misumari na kuezua mabati, ambayo wenyeji huyaita manjanja, aghalabu ni hewa baridi iporomokayo pamoja na mvua na kutawanyika igusapo ardhi.

Radi ndiyo ya kuogopwa hasa: setilaiti ilipima Kabare, katika mkoa jirani wa Kivu Kusini, miale ya radi takriban 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka, idadi inayoongoza Afrika. Utabiri hauwezi kutaja mtaa utakaopigwa. Ngurumo ikisikika, mkulima huacha jembe, huepuka mti, huingia nyumba imara.