Kuijengea Hesabu Nyumba

Makumbusho ya hisabati yana tatizo ambalo makumbusho mengine hayana: namba haina umbo la kuwekwa kabatini. Mtungi wa kale humsimamisha mgeni wenyewe. Mlinganyo ukiandikwa ukutani, wengi huupita. Kwa hiyo msanifu wa jengo hubeba nusu ya kazi ya mwalimu.

Kivu Kaskazini kumetoka kifaa kimojawapo cha nadra ambacho hesabu inaonekana juu yake kwa macho. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa wa kahawia iliyokolea, urefu wa sentimita 10 hivi, nchani umechomekwa kipande cha kwatzi. Hukadiriwa kuwa na miaka 20,000 na sasa uko Brussels. Umechanjwa chale kwa safu tatu. Safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19 na 9. Kila moja jumla yake ni 60. Ya tatu ina 48, na humo 3 imekaa kando ya 6, na 4 kando ya 8. Wapo wanaosoma hapo hesabu, wapo wanaosoma kalenda ya mwezi, na wapo wanaosema ni mikwaruzo ya kuzuia mkono usiteleze. Kwa msanifu, ubishi huo una faida kuliko jibu.

Kitu kidogo hivyo humezwa na ukumbi mkubwa. Kinataka chumba kifinyu chenye giza kiasi, na taa ya ubavuni ili kila chale itupe kivuli. Kwa kuwa safu zinauzunguka mfupa, kabati lisiegemezwe ukutani. Kando yake uwekwe mfano wake wa mbao, mkubwa kama mchi, mtoto ahesabu kwa kidole.

Kwingine jengo lenyewe ndilo somo. Zaha Hadid, aliyesoma hisabati Beirut kabla ya usanifu, ndiye aliyebuni ukumbi wa hisabati wa Makumbusho ya Sayansi ya London, uliofunguliwa Desemba 2016, miezi michache baada ya kifo chake. Katikati inaning'inia ndege ya Handley Page ya 1929, na mapazia yaliyopinda juu yake yanafuata milinganyo ya hewa inavyoipita ndege. New York, makumbusho yaliyofunguliwa 2012 yana baiskeli ya magurudumu ya mraba. Inakwenda bila kurukaruka, kwa sababu sakafu ina matuta yenye umbo la mnyororo unaoning'inia, uliopinduliwa.

Takwimu ni ngumu zaidi, maana wastani hauonekani popote. Hapo Bisie, mgodi wa bati wa Walikale, unatoa mfano mzuri. Mwamba wake unasifiwa kwa kuwa na bati kiasi cha asilimia 4 au zaidi, ilhali migodi mingi haifiki 1. Lakini idadi hiyo imetokana na sampuli nyingi za kutobolewa ardhini, na hakuna jiwe moja linaloionyesha. Msanifu anaweza kujenga sanduku kubwa la kokoto, nyeusi 4 katika kila 100. Mgeni akichota kumi, mara mbili katika tatu hatapata hata moja nyeusi. Wachotaji wakiongezeka, na kila mmoja akitia alama yake ukutani, wastani wa alama zote hukaribia 4 katika kila 100.