Pafu Lilitangulia Nchi Kavu

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua kwamba kamongo akitupwa ndani ya mtumbwi hafi upesi kama sangara au sato. Ana mapafu. Matamvua yake yamedumaa kiasi kwamba kamongo mkubwa akizuiwa kuibuka juu kuvuta hewa, hufa maji, samaki yule!

Wengi hudhani viumbe walipanda nchi kavu kwanza, kisha wakapata mapafu. Kamongo anaonyesha jinsi mambo yalivyoweza kwenda kinyume chake. Maji ya kinamasi yaliyojaa majani yanayooza huwa na oksijeni haba, na samaki anayeweza kuvuta hewa huishi pale wenzake wanapokufa. Hiyo ni faida ya majini, haingoji ufukwe. Hata Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alidhani pafu lilitokana na kibofu cha hewa kinachowasaidia samaki kuelea. Ushahidi wa sasa unasema pafu ndilo la kale, na kibofu cha sangara ni pafu lililobadilishiwa kazi.

Kwangu mimi, ushahidi mzito zaidi kwamba uwezo wa kuishi nchi kavu ulianzia majini umo kwenye mkojo. Akiwa majini, kamongo hutoa taka za protini hasa kama amonia, sumu inayochukuliwa na maji. Kinamasi kikikauka, huchimba tope, hujizungushia ute unaokauka, akakaa humo miezi mingi akipumua kupitia tundu dogo. Hakuna tena maji ya kuchukua amonia, kwa hiyo huigeuza kuwa urea, ambayo mwili unaweza kuilimbikiza bila kudhurika. Homer Smith, mtaalamu wa figo kutoka Marekani, alilichunguza jambo hili kwa kamongo wa ziwa letu karibu karne moja iliyopita. Ini la binadamu hutengeneza urea hiyohiyo, kila siku.

Kamongo si babu yetu, ni binamu. Jeni zake ziko karibu zaidi na zetu kuliko na za sangara, ingawa naye amebadilika kwa njia zake, na mapezi yake yamekuwa kama kamba. Anayetaka kuona mkono ukianza atazame visukuku. Neil Shubin na wenzake walichagua miamba ya Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, kwa sababu umri wake uliangukia kati ya samaki wenye mapezi ya nyama na wanyama wa kwanza wenye miguu. Mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, wa miaka milioni 375 hivi: ana magamba na mapezi, lakini pia ana shingo, na ndani ya pezi mna mifupa ya kifundo cha mkono. Walikuwa wametabiri pa kuchimba.

Mwaka 2010 zilitangazwa alama za Poland zinazofanana na nyayo, za takriban miaka milioni 390. Kama kweli ni nyayo, Tiktaalik naye ni binamu, na safari ya kwenda nchi kavu ilianza mapema zaidi.