Mwanafunzi Mwanamichezo: Tunayemshangilia Ndiye Tunayepaswa Kumsindikiza

Vijana wengi wa Delta ya Rufiji huanza mazoezi kabla hawajajua kwamba ni mazoezi. Anayepiga kafi kutoka kijijini kwao hadi Nyamisati, akishindana na maji yanayokupwa kati ya mikoko, hujenga mabega na pumzi ambazo baadaye humshangaza mwalimu wa michezo. Akifika sekondari Kibiti, huonekana mara moja. Huchaguliwa katika timu ya UMISSETA, na Mungu akimjalia kupata nafasi ya chuo Dar es Salaam, timu ya huko nayo humpokea kwa furaha. Swali letu ni hili: je, tunampokea yeye, au tunapokea miguu yake tu?

Mzigo usioonekana uwanjani

Mashindano ya UMISSETA huchezwa katikati ya mwaka, na mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Anayefika ngazi ya taifa hupitia kwanza mashindano na kambi za wilaya na mkoa, na siku zote hizo vipindi darasani vinaendelea bila yeye. Akirudi na medali hupigiwa makofi. Ni nadra kuulizwa ni mada zipi zilizompita.

Chuoni mzigo huongezeka, kwani hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita "bumu", ikichelewa, mwenye kipaji huitwa kucheza ndondo mtaani kwa ujira mdogo. Jumamosi huisha uwanjani, na Jumatatu jaribio humkuta hajajiandaa. Hapo huja "sapu", na sapu zikirundikana, huja kuondolewa chuoni. Nyumbani hawezi kuyasema hayo. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha mashamba katika Rufiji na Kibiti, na zipo familia zilizobaki na tumaini moja tu: huyo mtoto aliye mjini. Kwao yeye ni shujaa, na shujaa huona haya kukiri kwamba ameshindwa.

Kwa binti anayecheza mpira wa pete kuna jambo jingine. Familia nyingi za eneo hili ni za ndugu zetu Waislamu, na wazazi, wa dini zote, huwa na wasiwasi juu ya mavazi ya uwanjani na safari za mbali. Wasiwasi huo haupaswi kudharauliwa. Hutulizwa kwa mavazi ya staha, mwalimu wa kike anayefahamika, na saa ya kurudi inayoheshimiwa.

Tunamkumbuka kijana mmoja wa Delta, mshambuliaji wa timu ya chuo chake, aliyeumia goti akiwa mwaka wa pili. Wiki mbili za kwanza wachezaji wenzake walimtembelea. Wiki ya tatu hakuja mtu. Tulipofika alikuwa na mitihani miwili ya marudio, na begi lake lilikwisha kufungwa. Hakuhitaji mahubiri. Alihitaji daftari za wenzake, mtu wa kumfikisha kwa mshauri wa wanafunzi, na nauli ya kwenda hospitali. Alipovipata, alibaki chuoni. Uwanjani hakurudi tena, lakini darasani alirudi.

Kanisa linafundisha nini?

Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho maisha ya imani kwa mfano wa wakimbiaji wanaojinyima ili wapate taji (1 Kor 9:24-27). Mwaka 2018 Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati juu ya michezo, ikisisitiza kwamba michezo ipo kwa ajili ya mwanadamu mzima, mwili na roho. Mchezaji, basi, hawezi kuwa chombo cha ushindi wa wengine.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kupanda milima na alisomea uhandisi wa migodi huko Torino ili awe karibu na wachimbaji. Masomo hayakuwa mepesi kwake. Shuleni aliwahi kushindwa mtihani wa Kilatini. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, kabla ya kuhitimu. Utakatifu wake haukupimwa kwa alama wala kwa vilele.

Tufanye nini?

Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyepata medali ya fedha katika mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikuwa wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Leo katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, asiyefikisha kiwango cha masomo haruhusiwi kucheza, na mazoezi rasmi wakati wa msimu yana kikomo cha saa 20 kwa wiki. Mfumo huo una dosari zake, lakini unakiri jambo moja: saa za mwanafunzi zina mwenyewe.

Nasi tuanze hapo. Mwalimu aandike mada zitakazompita mwanafunzi kambini, na akirudi arudishiwe vipindi hivyo. Viongozi wa timu waache mamluki; kumvisha jezi asiye mwanafunzi ni uongo, na ni kumnyang'anya mtoto nafasi yake. Mzazi aulize habari za daftari kabla ya kuuliza idadi ya mabao. Vijana wa TYCS mashuleni na TMCS vyuoni wamtafute mwenzao aliyeumia au aliyeachwa nje ya timu, bila kuuliza dini yake.

Jumapili hii, baada ya Misa, tumwendee mwanamichezo mmoja tunayemfahamu. Tumuulize masomo yanaendaje, kisha tusiondoke kabla hajajibu.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.