Programu ya Kwanza Ianzie kwenye Daftari la Chama

Kijana anaweza kutazama video za mafunzo ya kuandika programu za kompyuta kwa miezi sita, akaelewa kila anachoonyeshwa, kisha siku anayofungua ukurasa mtupu ili aandike programu yake mwenyewe asijue pa kuanzia. Bando zimekwisha, pengine cheti amepata, lakini hana kitu cha kumwonyesha mwajiri wala jirani. Tatizo si uzito wa akili. Video humwonyesha jambo ambalo mwalimu amekwisha kulitatua, ilhali kazi yenyewe ni kukutana na jambo ambalo hakuna aliyelitatua kwa niaba yako.

Wenye uzoefu hushauri mwanafunzi atengeneze kitu chake tangu mapema, hata kama bado anajua machache. Kiwe kidogo, kiwe na kazi moja, na pawe na mtu halisi anayekingoja. Vijijini na mitaani, mfano hauko mbali: ni daftari la mweka hazina wa chama.

Jumamosi ya kwanza

Chukua chama cha wanachama 20 wanaochanga Sh500 kila Jumamosi. Kijana aliyejifunza misingi ya lugha ya Python anaweza kuandika programu inayohifadhi majina, nambari za simu na safu moja iliyoandikwa "amelipa", ambayo jibu lake ni ndiyo au la. Nyumbani inafanya kazi vizuri. Ikifika kikaoni inakwama, na hapo ndipo masomo yanapoanza.

Kwanza, nambari za simu zimepoteza sifuri. Mwanafunzi alihifadhi nambari inayoanza na 07 kama hesabu, na kwa kompyuta sifuri inayotangulia hesabu haina thamani, hivyo imeachwa. Nambari ya simu, ingawa ina tarakimu tupu, huhifadhiwa kama maandishi. Ni somo dogo, lakini anayelipata mbele ya mama aliyekosa ujumbe wa kikao halisahau.

Kisha mwanachama mmoja ametoa Sh300 na kuahidi kuleta Sh200 Jumatano. Programu inataka ndiyo au la. Mwanafunzi anashawishika kuongeza jibu la tatu, "nusu", lakini wiki inayofuata mwingine analipia wiki mbili kwa mpigo. Suluhu ni kuacha kuuliza kama mtu amelipa, na badala yake kuandika kila malipo kwenye mstari wake: nani, kiasi gani, lini, kwa pesa taslimu au kwa M-Pesa. Deni la kila mtu hukokotolewa kutokana na mistari hiyo. Wataalamu wa hifadhidata hufundisha utaratibu huu wa kutenganisha orodha ya watu na orodha ya matukio kama somo zima. Mweka hazina amekuwa akiufuata miaka yote kwa kalamu.

Ukifika wakati wa kugawa faida, senti nazo zinaleta maneno. Python ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa misingi ya mbili, na baadhi ya sehemu za kumi haziwezi kuandikwa humo zikakamilika, kama vile theluthi moja isivyokamilika katika desimali zetu za kawaida. Ndiyo maana programu za fedha mara nyingi huhifadhi kiasi kama senti nzima: Sh500 huandikwa 50000. Hata hivyo, faida ya Sh1,000 ikigawiwa watu saba, kila mmoja hupata Sh142.85 na senti tano hubaki. Zinaenda kwa nani? Hilo si swali la kompyuta. Wanachama waamue kikaoni, kisha uamuzi uandikwe ndani ya programu.

Linalobaki ni makosa ya kuandika. Mweka hazina ameingiza Sh5,000 badala ya Sh500. Programu ikimruhusu afute mstari na kuandika mwingine, basi siku moja atafuta mtu mwenye nia mbaya, wala haitajulikana. Afadhali mstari uliokosewa ubaki, na chini yake uandikwe mwingine unaoubatilisha, pamoja na tarehe na jina la aliyeuandika. Chama kinachovunjika kwa sababu ya fedha mara nyingi huvunjika kwa kukosa kuaminiana hata kabla ya fedha zenyewe kupotea, na programu isiyoweza kuonyesha nani alifanya nini huongeza shaka hiyo.

Kidogo kwanza

Mfano wa Kenya unaojulikana duniani ulianza kwa haja moja vilevile. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman walishirikiana kuanzisha Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa siku chache. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010.

Vifaa vya kuanzia havina gharama kubwa. Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, hupatikana bila malipo. Ndivyo ilivyo SQLite, inayohifadhi data katika faili moja, na Git, inayotunza kila toleo la kazi ili lililoharibika liweze kurudishwa. Kuna programu za simu za Android zinazomwezesha mtu kuandika na kuendesha Python, ingawa kioo kidogo huchosha na tarakilishi ni bora. Anayetaka kuunganisha kazi yake na M-Pesa atapata, kupitia huduma ya Daraja ya Safaricom, mazingira ya majaribio ambamo hakuna fedha halisi inayohama.

Siku hizi programu za akili unde zinaweza kumwandikia mwanafunzi msimbo wote kwa dakika chache. Zitumike kuuliza na kueleweshwa. Lakini mstari ambao mwanafunzi hawezi kuueleza kwa maneno yake usikaribie fedha za watu.

Sheria inasemaje

Majina, nambari za simu na madeni ya wanachama ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wanachama waelezwe ni nini kinachohifadhiwa na kwa sababu gani, na kisitumike kwa jambo jingine. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 baada ya uvujaji kujulikana. Ofisi yake pia ndiyo ya kuulizwa kama mwenye programu anahitaji kujisajili. Wakati wa kujifunza, ni salama zaidi kutumia majina na nambari za kubuni.

Vilevile, programu inayoandika michango ni tofauti na inayopokea fedha na kuzishikilia kwa niaba ya watu. Huduma za malipo husimamiwa na Benki Kuu ya Kenya chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, na kuzitoa kunahitaji idhini. Kwa anayeanza, fedha zibaki kwenye akaunti ya chama. Programu iandike tu.

Chama kitakachokubali kujaribu programu ya kijana wake kisitupe daftari. Viwili hivyo viendeshwe sambamba kwa angalau miezi mitatu, na kila mwisho wa mwezi jumla zilinganishwe mbele ya wanachama wote. Zikitofautiana, daftari lifuatwe kwa muda, na kijana apewe hadi kikao kijacho kueleza tofauti hiyo imetoka wapi. Nakala ya data itunzwe pia kwenye kifaa cha pili, kwa katibu kwa mfano, kwa sababu simu hupotea.