Kwa Nini Pampu Hushindwa na Kisima Kirefu

Mwezi wa Januari mwaka huu mzee mmoja wa Kabuchai alifika afisini kwetu akiwa amebeba mpira wa pampu begani. Alikuwa ameuza mtamba, akachimba kisima cha futi 45, akanunua pampu ya petroli na kuiweka juu, mdomoni mwa kisima. Injini ilinguruma vizuri, lakini maji hayakutoka hata tone. Aliporudi dukani aliambiwa kwamba pampu hiyo ni ndogo, aongeze fedha apewe kubwa.

"Mwalimu," akaniuliza, maana wazee bado huniita hivyo kwa kazi yangu ya zamani, "je, niuze na ng'ombe wa pili?"

Nilimwambia asiuze. Hata angenunua pampu yenye nguvu za trekta, maji ya kisima kile yasingefika juu. Kosa si la injini. Jambo lenyewe ni hewa, na wakulima wengi wanaofikiria kununua pampu watafaidika wakilijua kabla ya kutoa fedha.

Hewa ina uzito. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu, huku kwetu kina hewa ya kilo 22 hivi. Huo ni uzito unaozidi debe la mahindi. Dunia huivuta hewa hiyo kwenda chini kama inavyovuta jiwe. Basi mtu atauliza, mbona hewa yote haianguki ikalala chini kama vumbi? Na mbona haitawanyiki juu ikapotea?

Tazama rundo la nyasi kavu ulizowawekea ng'ombe. Nyasi za juu ni legelege, lakini za chini zimebanwa, kwa sababu zimebeba zote zilizo juu yake. Nazo zikibanwa husukuma kwenda juu, mpaka msukumo wake utoshe kuubeba mzigo. Hapo rundo hutulia. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Kila tabaka la hewa husukumwa juu na hewa iliyobanwa chini yake, na husukumwa chini na hewa iliyo juu yake. Msukumo unaotoka chini ni mkubwa kidogo, na tofauti ya misukumo hiyo miwili ni sawa na uzito wa tabaka lenyewe. Kwa hiyo tabaka halianguki wala halipai. Wingu la mvua ya mawe likijengeka juu ya Mlima Elgon huivuruga mizani hiyo kwa saa chache, kisha hurudi.

Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa iliyobaki juu yako inavyopungua. Mwaka 1648 Mfaransa Florin Périer alipanda mlima uitwao Puy de Dôme akiwa na kipimo cha zebaki, kwa ombi la shemeji yake, Blaise Pascal. Kileleni zebaki ilisimama chini zaidi kuliko ilivyosimama bondeni, karibu sentimita 8. Kule Mombasa hewa hukandamiza kila sentimita mraba kwa nguvu ya kilo moja hivi. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari, msukumo huo ni kama sehemu nane tu katika kumi za ule wa Mombasa. Kwenye kilele cha Elgon, mita 4,321, ni kama sehemu sita. Akina mama wa Kitale wanalijua jambo hili bila kipimo, kwani maji yao huchemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, na maharagwe hukawia kuiva.

Sasa turudi kisimani. Pampu iliyo juu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hutoa hewa iliyomo ndani ya mpira tu. Hewa ya nje, inayokandamiza maji ya kisimani, ndiyo inayoyasukuma maji yapande ndani ya mpira. Yatapanda mpaka uzito wake utoshane na msukumo wa hewa, kisha yatasimama. Mombasa yangesimama kwenye futi 34. Kitale ni futi 27, na Bungoma futi 28 au 29. Hayo ni mahesabu ya pampu isiyo na kasoro yoyote. Kwa kazi ya kila siku usitegemee zaidi ya futi 20.

Mzee alikuwa amepima kwa kamba. Kutoka pampu mpaka usoni mwa maji palikuwa na futi 38. Mpira wake ulikuwa umebanwa bapa, naye alidhani ni mbovu. Ni hewa ya nje iliyoubana.

Basi, kabla ya kununua, pima kutoka mahali pa pampu mpaka usoni mwa maji, na upime wakati wa kiangazi, Januari au Februari, maji yanapokuwa chini kabisa. Yakizidi futi 20, tafuta pampu inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini, iwe ya umeme au ya mkono yenye pistoni chini. Kusukuma hakuna mpaka huo wa hewa. Ndoo na kamba nazo hazina.

Mzee akauliza kama angeweza kuichimbia pampu yake ngazi ndani ya kisima, futi 20 chini. La, hasha! Moshi wa injini ya petroli hujaa kisimani na kumwua mtu kabla hajajua amelewa. Usiiteremshe injini hiyo kisimani kamwe, wala usishuke wakati inanguruma karibu na mdomo wake.

Aliiuza pampu kwa jirani mwenye shamba kando ya mto Kuywa. Pale maji yako futi 9 tu chini ya ukingo, na sasa yanapanda mpaka kwenye kabichi.