Kujihukumu kwa Ushahidi wa Kesho

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, muda mfupi kabla ya bomu kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, washambuliaji walirusha guruneti. Mlio ule uliwavuta watu wa ofisi za jirani hadi madirishani kutazama kulikoni. Mara lori lililosheheni vilipuzi likalipuka, na vioo vikawarukia usoni. Waliokufa Nairobi siku hiyo walikuwa 213, na miongoni mwa maelfu ya majeruhi wapo waliopofushwa na vioo hivyo.

Mtu aliyenusurika namna hiyo, swali linalomwamsha usiku wa manane mara nyingi halihusu magaidi. Hujiuliza: mbona nilikwenda dirishani? Wanaofanya kazi ya unasihi hulisikia swali hili kwa sura nyingi. Mama hujiuliza mbona alimtuma mwanawe dukani saa ile. Aliyebakwa hujiuliza mbona hakupiga kelele. Kwa maoni yangu, hakuna kinachochelewesha kupona kama swali hili likiachwa liote mizizi.

Hebu tulichunguze. Aliyeinuka kitini alijua habari ya mlio tu. Habari ya lori hakuwa nayo. Leo anajishtaki kwa mambo aliyoyajua baada ya mlipuko, kama hakimu anayemfunga mtu kwa ushahidi wa kesho. Akili ina sababu yake. Kukubali kwamba balaa lilikupata na hukuwa na uwezo wowote wa kulizuia kunatisha mno. Ukijitwika kosa, angalau unapata tumaini kwamba safari nyingine utakuwa mwangalifu na hutadhurika.

Kunyamaza kwa aliyebakwa nako kuna maelezo. Hatari inapotokea, amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoitambua hatari, huuamsha mwili kabla fikra haijapata nafasi. Moyo hudunda, misuli hukaza. Ikiwa hakuna pa kukimbilia, mwili waweza kuganda na sauti isitoke kabisa. Mwenyewe haulizwi. Kuganda huko si ridhaa, na yeyote anayemlaumu mtu kwa hilo anamwongezea jeraha.

Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa wa kiwewe katika mwongozo wake mwaka 1980. Toleo la mwaka 2013 liliongeza kujilaumu kusikolingana na ukweli katika orodha ya dalili, ambayo tayari ilikuwa na ndoto za kutisha, kushtukashtuka na kukwepa kila kinachokumbusha tukio. Lawama ile, basi, ni dalili inayohitaji tiba. Haithibitishi kosa lolote.

Wengi huogopa kwamba kuionea huruma nafsi yako ni kujidekeza. Mimi naona kinyume. Anayejikemea mchana kutwa anauweka mwili wake katika hali ileile ya hatari, na mwili ulio macho hivyo haupati usingizi, wala utulivu wa kuyakumbuka mambo kwa mpangilio.

Na mpangilio huo una kazi kubwa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwatibu wenzao wa Rwanda na Somalia. Tiba yao huanza kwa kamba iliyotandazwa chini, ambayo ndiyo maisha ya mtu: ua huwekwa penye tukio la furaha, jiwe penye la msiba. Kisha mtu husimulia tangu utotoni, na afikapo kwenye jiwe, msikilizaji humwongoza polepole. Ulisikia nini? Ulijua nini wakati huo? Mwili ulihisi nini? Sasa uko wapi? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nafuu kubwa, na hata waliopewa ushauri nasaha wa kawaida walinufaika. Naamini sehemu ya siri ni kwamba kila habari hurudishwa kwenye saa yake: mlio kwanza, dirisha baadaye, lori mwisho.

Masimulizi ya namna hiyo hayalazimishwi. Kumketisha mtu siku moja baada ya ajali na kumtaka aeleze yote kwa kikao kimoja hakumkingi na kiwewe. Siku za mwanzo anahitaji usalama, chakula, usingizi na watu wake. Jamaa wajiepushe na "ulifuata nini kule?" hata kama wanauliza kwa uchungu. Dalili zikipita mwezi mmoja, aonane na mnasihi au daktari wa akili.

Wakati unasubiri miadi, chukua karatasi, uigawe kwa mstari. Upande mmoja andika uliyoyajua kabla ya tukio, upande wa pili uliyoyajua baadaye, kisha tazama lawama zako zinaegemea upande gani. Huna haja ya kulieleza tukio lenyewe. Ukianza kutetemeka, weka kalamu chini, gusa ukuta, taja kwa sauti vitu unavyoviona chumbani, na karatasi hiyo uiendeleze siku ukiwa na mnasihi wako.