Kabla hujang'oa hoho, pima gari: sensa ya oksijeni na namna ya kuibadilisha nyumbani



Leo siongelei mbegu wala dawa. Naongelea gari la shamba, kwa sababu juzi juzi nusura nimpe kijana wa kikundi chetu huku Ilula ushauri mbovu kabisa.

Kijana huyu analima pilipili hoho. Mara tatu kwa wiki anapakia kreti kwenye gari lake dogo la mizigo, injini ya cc 1500, anapeleka Iringa mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 90. Siku moja akanifuata.

"Shikamoo bwana shamba. Hoho naziacha. Nauza kila wiki ila hela siioni."

Mimi haraka haraka nikaanza kumweleza habari za kabichi na vitunguu, kwamba pengine soko la hoho limejaa. Nilishaongea robo saa nzima ndipo nikakumbuka kuomba daftari lake. Tukalifungua. Mbolea ipo vilevile. Vibarua vilevile. Bei ya hoho imeshuka kidogo tu. Ila petroli! Mwanzo wa msimu alikuwa anatumia lita 20 kwa wiki. Sasa anatumia lita 30. Njia ni ileile na mzigo ni uleule.

"Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka?"

"Inawaka, mwezi wa pili huu. Niliambiwa gari za zamani ndivyo zilivyo, nisihangaike nayo."

Piga hesabu na mimi. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Lita 10 za ziada kwa wiki ni 30,000. Kwa mwezi ni 120,000. Kwa msimu wa kuvuna wa miezi minne ni karibu nusu milioni, imetoka kwa njia ya bomba la moshi. Hoho hazikuwa na kosa lolote.

Sensa ya oksijeni ni nini?

Ili petroli iungue vizuri, kila gramu 1 ya petroli inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi huiita kontrol boksi, ndiyo inayopima petroli ya kuingiza. Itajuaje kama imezidisha au imepunguza? Inaiuliza sensa ya oksijeni, kifaa kidogo kama plagi kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Sensa inanusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha inatuma taarifa. Teknolojia hii si ngeni. Bosch waliianza mwaka 1976.

Gari nyingi ndogo zina sensa mbili. Ya mbele, yaani sensa ya 1, iko kabla ya kisafisha moshi (mafundi wanakiita masega). Hiyo ndiyo inayoongoza petroli. Ya nyuma, sensa ya 2, iko baada ya masega, na kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega yanafanya kazi.

Sensa haifanyi kazi ikiwa baridi. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, ndiyo maana ndani yake kuna hita. Hita ikifa, au sensa ikichakaa au kufunikwa na masizi, kompyuta inakosa taarifa. Inabaki kukisia, na mara nyingi inakisia kwa kumwaga petroli ya ziada.

Usikimbilie kununua

Hapa nakiri kosa langu. Miaka miwili iliyopita gari langu mwenyewe liliwasha taa. Nikasikia "ni sensa", nikanunua ya nyuma, nikafunga. Siku ya tatu taa ikarudi. Tatizo lilikuwa masega yamechoka. Sensa niliyoitupa ilikuwa nzima, na ilikuwa inasema ukweli.

Ni kama majani ya mahindi yakiwa ya njano. Mkulima mzuri hakimbilii urea. Anaangalia kwanza: ni majani ya chini au ya juu? Maji yametuama? Kuna wadudu kwenye mizizi? Gari nalo linataka uchunguzi.

Kwa hiyo anza na kusoma kodi. Kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Ila gari nyingine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazielewani na vifaa vya bei rahisi. Ikitokea hivyo, lipia kipimo gereji. Omba uandikiwe namba ya kodi. Usikubali neno "sensa" peke yake.

P0135 ni saketi ya hita ya sensa ya 1. P0141 ni saketi ya hita ya sensa ya 2. P0420 ni masega hayafanyi kazi inavyotakiwa, na siyo amri ya kubadilisha sensa. P0171 ni hewa imezidi petroli. Mara nyingi kuna mpira wa hewa uliopasuka au pampu ya petroli imechoka.

Gari la yule kijana lilitoa P0135. Hata hapo hatukununua. Tulikagua fyuzi, ikawa nzima. Tulifuata waya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu gari linalolala karibu na ghala la mahindi ni nyumba ya panya, na panya wanapenda waya. Waya zilikuwa salama. Tukachomoa soketi ya sensa, tukapima nyaya mbili za hita kwa mita ya umeme. Hita nzima hutoa namba ndogo ya omu. Yetu haikusoma kitu kabisa, maana yake imekatika ndani. Hapo ndipo tukaenda dukani.

Kununua spea

Nenda na namba ya chesisi na namba ya sensa ya zamani. Chagua sensa yenye soketi ya gari lako. Zile za kukata na kuunganisha waya ni bei nafuu, ila ukikosea waya moja umepoteza hela yote. Pia gari nyingi za karibuni mbele zina aina tofauti inayopima uwiano wa hewa na petroli. Kwa macho zinafanana na sensa ya kawaida, lakini haziingiliani.

Kazi yenyewe

1. Egesha sehemu tambarare na ngumu. Vuta hendibreki, weka kabari kwenye matairi. Kama unaingia chini, gari likae kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake siyo ya kumwamini, wala matofali. Hili sitanii. Sensa inanunulika tena, wewe hununuliki.

2. Washa injini dakika chache, zima, usubiri hadi bomba liwe vuguvugu. Chuma chenye joto kidogo kinaachia kirahisi kuliko cha baridi, lakini kikiwa cha moto kinaondoka na ngozi yako. Vaa glavu.

3. Toa waya wa hasi wa betri.

4. Puliza WD-40 au dawa nyingine ya kulegeza kutu kwenye shina la sensa. Subiri nusu saa. Ikiwa na kutu sana, rudia na uiache ilale.

5. Fungua soketi kwa kubonyeza kibanio chake. Usivute waya.

6. Fungua sensa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Nyingi zinatumia spana ya 22. Nyingine zimeshikwa na nati mbili ndogo. Kuna soketi maalumu yenye mwanya wa kupitisha waya, na gereji nyingi zitakuazima. Ikigoma, ongeza dawa na subira. Ukilazimisha ukaua thredi za bomba, kazi ya saa moja imegeuka kuwa ya kuchomelea.

7. Angalia kichwa cha sensa ya zamani. Masizi meusi yanaonesha petroli ilikuwa nyingi. Ukiona mabaki ya oili au ya maji ya rejeta, injini ina ugonjwa mwingine, na sensa mpya nayo itakufa.

8. Ya mpya usiiguse kichwani, wala usiipake chochote hapo. Nyingi zinakuja na grisi maalumu kwenye thredi tayari. Anza kwa vidole mpaka ikae sawasawa, kisha kaza kwa spana. Ukiwa na spana ya kupima nguvu, Nm 40 hivi zinatosha kwa sensa nyingi za thredi. Zingatia karatasi ya spea yako.

9. Pitisha waya njia ya zamani, mbali na bomba. Rudisha soketi na betri. Futa kodi kwa kifaa, kisha tembeza gari.

Ilituchukua saa mbili na nusu, na nusu yake ilikuwa kusubiri kutu ilegee. Mimi nilikuwa nashika tochi, yeye chini ya gari akicheka kwamba bwana shamba leo kawa taniboi.

Matokeo

Siku hiyohiyo tulijaza upepo matairi na kubadilisha chujio la hewa lililokuwa limejaa vumbi. Kwa hiyo sisemi kila tone lililookolewa ni la sensa. Ila baada ya wiki tatu, daftari linaonesha lita 21 na kitu kwa wiki, kutoka 30. Taa haijawaka tena.

Na hoho? Zipo shambani. Amesia miche mingine. Kama tungefuata maneno yangu ya robo saa ile ya kwanza, angekuwa ameng'oa zao lililokuwa linamlipa, akapanda kabichi, halafu akaendelea kuzipeleka sokoni kwa gari lileile linalokunywa petroli.

Nawaomba mambo mawili. Kwanza, taa ikiwaka usiizoee, na usizibe kwa gundi nyeusi kama nilivyoona kwenye gari fulani. Pili, ongeza safu mbili kwenye daftari lako la shamba: kilomita ulizotembea na lita ulizoweka. Kila Jumapili gawanya kilomita kwa lita. Namba ikishuka wiki mbili mfululizo, kagua gari kabla hujalaumu zao, mnunuzi au mke wako.

Kama una swali, andika aina ya gari na namba ya kodi, nitajibu ninachokijua. Nisichokijua nitamuuliza fundi wangu.

Kazi njema, tukutane shambani.